Mlango wa Furaha Niliouzua

Bibi amenipa ruhusa ya kuandika haya kwa sharti moja, nisimtaje jina. Nilipomwahidi kwamba sitamtaja mtu yeyote, hata mimi mwenyewe, alisema hilo halimhangaishi sana, maana wanaosoma ni wachache, na wanaosoma mpaka mwisho ni wachache zaidi. Kisha akaniomba nimsogezee beseni la maji. Basi naandika.

Kazi yangu ni kuongea. Katikati ya Ilala na Kariakoo kuna nyumba moja ya zamani, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba vitatu huku na vitatu kule, ambayo sijui ilinusurika vipi wakati jirani zake wote wanageuzwa maghorofa. Siku hizi ni makumbusho, lakini si yale ya vitu kufungiwa kwenye vioo. Humu vitu vinatumika. Uani kuna mafiga yanayowaka, kuna kinu na mchi, kuna mbuzi ya kukunia nazi yenye meno makali, na mgeni akiingia anapewa kazi. Kila msimu una shughuli yake. Embe zikishuka bei sokoni tunafundisha kutengeneza achari. Karibu na Sabasaba anakuja mama mmoja mfinyanzi, na watu wanaondoka na vyungu vilivyopinda wanavyovipenda kuliko watoto wao. Na kabla ya Ramadhani ni zamu ya mikeka. Hiyo ndiyo shughuli yetu kubwa. Watu wa mtaa na wageni wanasuka ukili, yaani ule utepe mrefu wa ukindu, kila mtu kipande chake, halafu vipande vyote vinashonwa pamoja kuwa mkeka mmoja mkubwa. Mwezi ukiandama, mkeka unapelekwa mtaani kutandikwa nje kwa ajili ya futari.

Mimi ni mtoa maelezo. Asubuhi navaa kanzu na kofia ya mkono, nasimama mlangoni, nakaribisha watu kwa sauti nzito, na jioni navua vyote na kurudi kuwa Mkristo wa Kilimanjaro anayekaa chumba na sebule Mchafukoge. Kwetu ni migombani. Tulikalia viti. Mkeka niliuona kwa jirani tu.

Afadhali niseme na hili lingine kabla hujaambiwa na ndugu zangu. Baba yangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Niliachiwa duka lile likiwa limejaa misumari, bawaba na mabati, nikalifunga ndani ya miaka miwili. Mchaga aliyeshindwa biashara Kariakoo ni kitu cha kuwekwa makumbusho, na ndivyo ilivyokuwa. Ndugu zangu wakinitambulisha kwenye sherehe husema, "Huyu yuko makumbusho," na kabla mtu hajauliza wanaongeza, "kwa muda tu." Muda huo sasa una miaka minane.

Bibi ni mtu wa Kusini, mwenye miaka sabini na kitu, anakaa Buguruni. Chumba cha pili kushoto ni chake. Anakaa chini, miguu ameinyoosha, ukindu uliolowekwa uko upande wa kulia, ukili uliokwisha kusukwa unajikunja upande wa kushoto, na muda wote midomo yake inatikisika bila sauti. Kila asubuhi nilipita mlangoni kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Umeamka na sauti yako?"

"Nimeamka nayo."

"Haya. Kaitumie."

Nilichukulia kwamba ananisifu.

Nyuma yake, ukutani, umetundikwa mkeka alioufanya mwenyewe ujanani, wa rangi nyekundu na zambarau iliyofifia. Ni kazi safi kabisa, isipokuwa mahali pamoja. Pale ukili unabana ghafla, unakwenda hivyo mwembamba kwa urefu wa shubiri tatu hivi, kisha unarudi kwenye upana wake. Kwa sababu hiyo mkeka una kikunjo kidogo ambacho hakinyooki hata ukiuvuta vipi. Mtu makini hakikosi.

Wiki yangu ya kwanza kazini, mtoto wa darasa la tano alinyoosha kidole pale pale na kuuliza, "Hapo pana nini?" Mwalimu wao akanigeukia. Mtu mwingine angesema hajui. Au angemuuliza mwenye mkeka, aliyekuwa amekaa hatua tatu kutoka nilipo. Mimi nikakohoa kidogo, nikashika ukosi wa kanzu, nikasema:

"Hapo panaitwa mlango wa furaha."

Sijui yalitoka wapi. Nilieleza kwamba zamani nyumba ikiwa na harusi, msukaji aliubana ukili kidogo, ili furaha ikishaingia ndani isipate pa kutokea. Watoto walipiga makofi. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake. Bibi hakuinua kichwa, nami nikahesabu kwamba ameniunga mkono.

Tangu siku hiyo nikanogewa. Mwaka wa pili mlango wa furaha ulipata bi harusi. Mwaka wa tatu ukapata mama mkwe, aliyekuwa mkorofi mwanzoni na mwema mwishoni. Mwaka wa nne nikaongeza wimbo ambao, kwa bahati nzuri, ulikuwa umesahaulika, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuniomba niuimbe. Nilikuwa na maelezo hata ya midomo ya bibi. Niliwanong'oneza wageni kwamba anarudia maneno ya kale ya wasukaji, yasiyoruhusiwa kutamkwa kwa sauti. Wageni walipunguza sauti zao. Wengine walivua viatu. Bibi akachovya vidole kwenye beseni na kuendelea.

Haya yangeenda hivyo mpaka nistaafu, kama tusingepata bosi mpya. Ni dada mwenye miaka thelathini na kitu, mchapakazi, wa kufika kabla mlinzi hajaamka. Wiki ya kwanza alizunguka nyumba nzima nyuma yangu akinisikiliza, na tulipofika kwenye mkeka akasimama mpaka mwisho, hata kwa mama mkwe.

"Kaka, hii stori yako ni kali sana," aliniambia uani. "Sasa tunaificha ya nini?"

Sikuwa najua kwamba nimeificha. Alikuwa na mpango tayari. Msimu huu wa mikeka, kila mshiriki atasuka mlango wake wa furaha kwenye kipande chake. Mkeka wa futari utakuwa na milango hiyo kila mahali. Picha ya pale palipobana itachapishwa kwenye fulana na kwenye bango la nje. Alinionyesha maandishi ya bango kwenye simu yake, nami nilisikia raha mpaka masikioni, raha ya mtu aliyekuta uongo wake umechapwa kwa herufi kubwa. Nilipendekeza rangi.

Tukaenda wote wawili kumweleza bibi. Bosi alichuchumaa mbele yake kwa adabu, akasalimia, akaeleza vizuri. Bibi alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Wasuke nini, mwanangu?"

"Ile alama, bibi. Ile pale." Bosi akaonyesha ukutani.

Bibi aligeuza shingo polepole akautazama mkeka wake kama mtu aliyeambiwa kuna kitu kinamtembea begani. Kisha akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama katika miaka yote minane.

"Mnataka nifundishe watu kuharibu ukili," alisema.

"Siyo kuharibu, bibi, ni ule mlango wa..."

"Kichwa kinaniuma."

Akakusanya ukindu wake, akaufunga kwenye khanga, akamwaga maji ya beseni kwenye mti wa mpera, akaondoka. Kesho yake hakuja. Keshokutwa vilevile.

Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya shughuli ya mikeka. Bosi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ratiba. Aliniambia anampa bibi mpaka Jumatatu. Kuna mama mwingine hapo Ilala anayesuka vizuri na anayependa watu, na pengine bibi amechoka, pengine ni wakati wa kumpumzisha. Alisema "kumpumzisha" kwa upole, lakini nilielewa kwamba chumba cha pili kushoto kitapata mtu mwingine, na mkeka wa ukutani utabaki na mimi, niendelee kuuzungumzia. Hapo nilisikia hofu ya kweli. Wakati huo sikujua kama namhofia bibi au naihofia hadhira yangu.

"Na Jumamosi kuna darasa la majaribio," bosi aliongeza. "Watu wameshajiandikisha. Utashika wewe."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye unayejua kila kitu?"

Walikuja watu kumi na wawili, wengi wao wafanyakazi wa maofisini, na mama mmoja mwenye duka la jumla la mikeka ya plastiki, Kariakoo, ambaye alisema amekuja kumchunguza adui. Niliwapanga mduara. Nilianza na historia. Nikaenda kwenye mkindu unapoota, nikaja kwenye misafara, nikagusa harusi. Dakika ya arobaini na tano yule mama wa plastiki aliinua mkono.

"Samahani kaka, tunasuka saa ngapi?"

Nikagawa ukindu. Nilikuwa nimeutoa kwenye mfuko asubuhi hiyo, mkavu, msafi, unanukia. Kwa miaka minane nilikuwa nimeliona beseni la maji pembeni ya bibi kila siku ya Mungu, na nilikuwa na maelezo yake pia: niliwaambia wageni ni maji ya baraka. Hata siku moja haikunijia akilini kwamba ni ya kulowekea. Basi watu walipokunja chane ya kwanza, yaani ule uzi wa ukindu uliochanwa, ikakatika. Wakakunja ya pili, ikakatika. Chumba kizima kilianza kulia ka, ka, ka, kama mtu anavunja tambi aziweke sufuriani. Dada mmoja wa ofisini alinionyesha kiganja chake kilichojaa vipande na kuniuliza kwa heshima kama hiyo nayo ni mila. Naona haya kusema kwamba kwa sekunde mbili nilianza kutafuta maelezo.

Sikuyapata. Niliwapa chai na nikawafungulia geti.

Jioni ile ile nikaenda Buguruni na kilo mbili za sukari na mkate. Bibi anapanga chumba kwenye nyumba yenye ua mkubwa, nyuma ya mafundi wa pikipiki, na nilimkuta amekaa kwenye kibaraza anasuka kama kawaida, kichwa hakimuumi hata kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sauti iko wapi leo?"

Nilimweleza habari ya darasa. Nilipofika kwenye maji ya baraka aliweka ukili chini, akajifuta macho kwa khanga, akacheka mpaka jirani akachungulia. Nilifurahi, kisha nikajaribu kuingiza habari ya Jumatatu na mama wa Ilala. Aliacha kucheka. Hakuuliza lolote kuhusu bosi, chumba wala bango. Alichota chane chache kwenye beseni, akanirushia mapajani.

"Kaa chini. Unayezungumza sana, hebu suka."

Hivyo nikaanza kusuka ukili nikiwa na miaka arobaini na minne, kwenye kibaraza cha Buguruni, magoti yakinipigia kelele. Nilienda siku hiyo, nikaenda Jumapili baada ya misa, na Jumatatu nikatoroka kazini kuanzia saa sita. Kuanza ndiyo kazi. Chane ni kumi na tatu, zinapishana juu na chini, na kila moja ikikaribia kuisha unaipachikia nyingine kabla haijakwisha. Ukisahau kuunga, chane inapotea, na ukili unakuwa mwembamba. Msukaji anahesabu wakati wote. Ndiyo maana ya ile midomo. Bibi alikuwa anahesabu, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, halafu anaanza tena, miaka yote ile nilipokuwa nawavulisha watu viatu.

"Na wewe hesabu," aliniambia.

Lakini mimi siwezi kuhesabu na kuongea pamoja, na kati ya hayo mawili kuna moja nisiloweza kuliacha. Jumatatu ile nilikuwa namsimulia namna duka la baba lilivyokufa, simulizi ninayoijua vizuri kwa sababu nimeirudia sana na kila mara mimi natoka mwenye kuonewa zaidi. Nilipotupa macho kwenye kazi yangu niliona ukili umebana. Zilikuwa zimenipotea chane mbili, sijui saa ngapi, na nilikuwa nimesuka hivyo urefu wa shubiri mbili. Nikaunyoosha juani. Ulikuwa umefanana kabisa na ule wa ukutani, hata ile namna ya kubana upande mmoja kabla ya mwingine.

Nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilifurahi kama mtoto, nikauinua juu.

"Bibi, tazama. Nimepata mlango wa furaha!"

Alitazama. Kisha akarudisha macho kwenye kazi yake, na kwa mara ya kwanza niliona midomo yake imetulia huku vidole vinaendelea.

"Ule mkeka nilikuwa nasuka hapa hapa Dar," alisema. "Nilikuwa binti tu, nimeolewa juzi. Ilikuwa masika. Enzi hizo daraja la Rufiji hamna, mvua ikinyesha barabara ya Kusini inakatika, huendi wala huji. Akaja mtu wa kwetu, amepita baharini. Akaniambia mama amezikwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne."

Nilikuwa bado nimeinua ukili juu. Sikujua niuteremshe vipi.

"Sasa ningefanya nini? Njia hamna. Nikaendelea kusuka. Mama ndiye alinifundisha. Alikuwa anakaa nyuma yangu ananihesabia kwa sauti, mimi nafuata. Siku ile sikuhesabu. Nimekuja kuona jioni, zimepungua mbili." Alivuta chane mpya kutoka kwenye beseni akaipachika. "Kosa la ukili linafumuliwa. Unarudi nyuma unafumua, unaanza upya. Hakuna msukaji anayeacha. Lile sikulifumua."

Nilikumbuka yote kwa mpigo, bi harusi, mama mkwe, watoto wanapiga makofi, mimi nimeshika ukosi wa kanzu. Na yeye hatua tatu kutoka nilipo. Nilisikia aibu ya namna ambayo haina pa kukaa mwilini. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikwambie lini? Ulikuwa unaongea," alisema. Kisha akaongeza, bila hasira, "Na watoto walikuwa wanacheka. Nikasema basi, acha pale pacheke. Ila kufundisha watu wasuke kosa lile makusudi, walivae kwenye fulana, hapana, baba. Hapo siwezi."

Nikamwomba radhi. Alisema tumwachie Mungu na niangalie chane zangu. Aliniomba kitu kimoja: nisije nikasimama tena mbele ya wageni na kuanza kusimulia habari ya mama yake kwa sauti yangu ile. Alinijua. Nilikuwa nimeshaanza kuipanga.

Nilirudi kazini kabla bosi hajafunga ofisi. Bango lilikuwa limefika, limekunjwa kwenye kona, kubwa kuliko nilivyofikiria.

"Bosi, ile habari ya mlango wa furaha nilitunga."

"Ulitunga vipi?"

"Nilitunga. Mtoto aliniuliza, sikujua, nikatunga."

Alikaa. "Na ya maji ya baraka?"

"Hiyo pia."

"Na ya kinu kulia mvua ikikaribia?"

"Hiyo nusu ni kweli."

"Nusu ipi, kaka?"

"Kuna kinu."

Sitaandika aliyoniambia baada ya hapo, kwa sababu yote yalikuwa sahihi. Sikumweleza kisa cha ule mkeka. Nilisema tu kwamba ni jambo la bibi na kwamba bibi hatafundisha kuharibu ukili, wala mtu yeyote mwenye kuipenda kazi hiyo hatakubali, hata yule wa Ilala. Bosi aliuliza kama bibi atarudi iwapo tutaachana na alama. Nilisema nadhani. Akalitazama bango kwa huzuni, akasema upande wa nyuma angalau ni mweupe. Kesho yake alifunga safari mwenyewe mpaka Buguruni kumwomba bibi, bila mimi, na nadhani kutokuwepo kwangu kulisaidia.

Bibi alirudi na masharti mawili. Watu wasuke ukili ulionyooka. Na mimi nikae chini na wanafunzi, kimya.

Siku ya shughuli ukumbi ulijaa. Bango lilitandikwa uani kifudifudi, juu yake mabeseni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia chumba cha bibi bila kanzu. Nilikaa kati ya dada wa ofisini na yule mama wa mikeka ya plastiki, ambaye aliugusa ukindu wangu kwanza kuhakikisha umelowa. Nilikuja na kipande changu kile kile cha Buguruni nikiendeleze. Sikuwa nimekifumua. Nilikuwa na sababu yangu, sababu nzuri sana niliyokuwa nimeilea siku kadhaa, na nilikuwa nangoja wakati mzuri wa kuisema.

Adhuhuri, watu wanaponyoosha migongo, yule mama wa plastiki aliuona mkeka wa ukutani. Ana jicho la biashara.

"Kaka, pale pameenda vipi? Mbona pamebana?"

Chumba kikageuka. Walikuwepo watu waliowahi kunisikia, na niliwaona wakijiweka sawa kusikiliza. Koo langu lilijiandaa lenyewe.

"Pale mkono ulikosea," nilisema.

"Sasa mbona hakufumua?"

Nilimtazama bibi. Alikuwa ameinamia kazi ya mwanafunzi mmoja, lakini vidole vyake vilikuwa vimesimama. Nilikuwa najua jibu. Katika miaka minane hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza nililolijua jibu lake.

"Sijui," nikasema.

Ni neno fupi, lakini lilinitoka kwa shida kama mwiba. Yule mama alingoja kidogo aone kama kuna zaidi, akaona hakuna, akarudi kwenye chane zake. Vidole vya bibi vikaanza tena.

Baada ya alasiri watu walipeleka vipande vyao kwa bibi avikague kabla ya kushona. Nilingoja mpaka foleni ikaisha. Nikachuchumaa mbele yake, nikamkabidhi ukili wangu kwa mikono miwili. Aliupitisha kwenye kidole gumba chake, haraka haraka, mpaka akafika pale.

"Hapa vipi?"

"Nimeliacha makusudi, bibi." Sauti ilinitetemeka, na nakiri kwamba kidogo niliipenda ilivyotetemeka. "Kwa ajili ya mama yako."

Bibi alinitazama. Mama wa plastiki alikuwa anafunga mfuko wake karibu na mlango, na nadhani alisikia.

"Wewe umefiwa?" bibi aliuliza.

"Hapana, bibi."

"Lako ni kosa la domo. Fumua."

Akanirudishia. Nilirudi mahali pangu, na watu wakiondoka, wengine wakifagia mabaki ya ukindu, nikaanza kufumua, chane moja baada ya nyingine, kurudi nyuma mpaka pale nilipoanza kusimulia duka la baba. Ilikuwa kazi ndefu. Nilipofika kwenye upana uliokamilika nilizilowesha chane upya, nikazishika zote, na nikajikuta sikumbuki ipi ipande na ipi ishuke. Bibi aliacha sindano yake ya kushonea, akajisogeza kwa makalio mpaka nyuma yangu, akakaa.

"Moja," alisema kwa sauti.

Nikapandisha ya kwanza. "Moja."

"Mbili."

"Mbili."

Tulikwenda hivyo mpaka kumi na tatu, kisha tukaanza tena.